Mkono wa Mama Chini ya Kitenge

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nywele zangu zikiwa bado nyeusi zote, nilipokaa wodini kando ya mama nikijiona najua kila kitu.

Na sababu ya kujiona nilikuwa nayo. Niliondoka mtaani kwetu Sakina na begi moja, nikaosha vyombo Ulaya, nikajisomesha mwenyewe, nikarudi na stashahada ya ufundi wa majokofu. Mafundi wengi wa friji mnaowaona leo mjini wamepita mikononi mwangu. Sisemi haya kwa kujisifu, ingawa ningejisifu ingekuwa haki yangu.

Mama alikuwa amepata kiharusi siku mbili kabla. Upande wa kulia ulipooza, na maneno yakapotea kabisa. Alibakiwa na mkono wa kushoto tu. Ndio alioombea maji, ndio aliotuambia hapana. Kwa kuwa presha ilipanda vibaya, dawa ya kuishusha ilipitishwa kwa dripu kwenye mshipa wa mkono huohuo.

"Kaka, dawa hii wakati mwingine inauchoma mshipa," nesi aliniambia. "Ukiona pamekuwa pekundu, pamevimba au pana joto, tuite mara moja."

"Dada, presha na mabomba ndiyo kazi yangu," nikamjibu. Akacheka kidogo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Baada ya ibada wangekuja kina mama wa usharika wetu kumwombea. Sikutaka wamkute amelala hovyo na huku mwanawe katoka Ulaya. Nikamfunga kilemba, nikamfunika kitenge kipya cha Uholanzi nilichomletea, mpaka kwenye vidole, sindano isionekane.

Mama akaanza kuusogeza mkono. Nikaurudisha. Akausogeza tena, akinikazia macho. Nilidhani anataka kung'oa sindano. "Tulia mama, dawa kali lazima iume," nikamwambia, nikaushikilia palepale juu ya godoro. Wageni wakaingia, wakaimba, wakakisifu kitenge, nami nikatabasamu huku nimeushikilia. Machozi yakamtoka mama. Wakasema ameguswa na wimbo.

Walipoondoka, shangazi yangu anayeishi Maji ya Chai alibaki. Akaweka chini chupa yake ya mtori, ile supu ya ndizi, akamtazama mama, kisha akanigeukia.

"Wewe, mbona huyu analia hivi?"

"Ni wimbo, shangazi."

"Wimbo gani? Namjua tangu kaka yangu amuoe. Huyu anaumia. Funua huo mkono! Au unafunika maandazi yasipoe?"

Nikafunua. Kuanzia kwenye sindano, mstari mwekundu ulikuwa umepanda mpaka karibu na kiwiko, umevimba, una joto. Nilipougusa tu, mama alitetemeka mwili mzima. Nilikimbia kumwita nesi nikiwa sijavaa viatu sawasawa.

Alikuja na daktari. Sindano ikatolewa, na hapo hofu ya pili ikanishika, kwa sababu presha haikuweza kuachwa bila dawa. Wakatafuta mshipa kwenye mkono uliopooza. Wakachoma mara ya kwanza, wakaukosa. Mara ya pili, wakaukosa tena. Mara ya tatu dripu ikashika.

"Mshipa wa mkono wa kushoto umevimba kwa ndani," daktari alisema. "Tutautunza. Ungetuita mapema."

Siku nne vidole vya mkono huo wa mama havikukunjika. Nilikaa nikivitazama nikifikiri kwamba ugonjwa ulimwachia mkono mmoja, na mimi nimeuharibu ili nisifiwe kitenge. Siku ya tano nilimwinamia kumpangusa uso. Akauinua ule mkono wa kushoto, polepole, akanishika sikio, akalivuta kwa nguvu. Nililia mbele ya wodi nzima, mimi na stashahada yangu.

Basi mwanangu, ukimuuguza mtu aliyewekewa dripu, mkono wake usifunikwe. Uangalie kila mara, hata ukiambiwa uko sawa. Ukiuona umebadilika, usiichomoe sindano wala kuifunga dripu wewe mwenyewe, mwite nesi, na asipokuja mwite tena bila haya. Mgonjwa asiyeweza kusema anasema kwa kile alichobakiwa nacho, na ulichosomea wewe hakikupi ruhusa ya kumjibia.

Mungu awatunze wazazi wako, na siku watakapokuwa kitandani akupe macho ya kuona wanapoumia na miguu myepesi ya kuita msaada.