Muziki wa Kuchagulia Timu

Sina subira na muziki wa gemu unaobembeleza. Ule wa gemu langu la vita una ngoma na tarumbeta, unaninyanyua kwenye kochi hata kabla sijashika pedi ya kuchezea. Wa gemu la mpira unasikika tu wakati wa kuchagua timu: kinanda kidogo, kinarudia palepale. Nilimwambia mama wazi kwamba huo ni takataka.

Mama anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya usharika tangu hajaolewa, na gemu hajawahi hata kulitazama. Alikuwa jikoni, nyumbani kwetu Muleba, akimenya ndizi. Akataka asikie miziki yote miwili, mmoja baada ya mwingine, kama kwaya zinavyofuatana kwenye mashindano.

Nikaweka wa vita, huku natembea sebuleni, dirishani hadi mlangoni.

“Hao wanapiga kelele ili wakikosea wasijulikane,” alisema. “Sauti ya pili iko wapi?”

Nikabisha. Nikaweka ule wa mpira kwa hasira, nikauacha ujirudie. Kisu chake kikatulia.

“Huu mzuri. Ila mbona haufiki mwisho?”

“Utafikaje? Unamsubiri mtu abonyeze kitufe!”

“Kumbe.” Akaendelea kumenya. “Na wewe tangu urudi kutoka Bukoba husemi kama unabaki au unaondoka. Unazunguka tu humu ndani, dirishani, mlangoni. Mwana wange, si ubonyeze?”