Aliyeua Nyasi za Katy

Jumamosi nilikuwa kwenye foleni ya duka la mimea huko Katy, Texas. Mbele yangu alisimama Mkenya wa makamo, ameshika mfuko wenye nyasi zilizokauka. Alikuwa na mkewe, na mama mkwe aliyekuja kuwatembelea kutoka Mombasa.

"Ni mbwa wa jirani," mume alisema. "Kila siku anakojoa palepale karibu na mlango wa jikoni. Leo namwendea mwenyewe, tuelewane au tukosane."

"Mimi naona ni wadudu," mkewe akajibu, akimpa chupa ya dawa.

Mama akajifunga leso vizuri. "Karibu na mlango wa jikoni? Hapo ndipo mimi humwaga mafuta ya mahamri yakiwa bado ya moto. Kwani nyinyi huku mwayamwaga wapi?"

Mke akaziba mdomo kwa kiganja. Mume akatazama dari, kisha akairudisha chupa rafuni kwa adabu kubwa.

"Hata mimi, mama, nilikuwa nikisema yule mbwa ana heshima zake."

Wasomaji, nyasi hupandwa upya. Mama mkwe akisusa jikoni, Texas nzima hakuna duka linalouza dawa yake.