Kuni za Kilio

Kuuza kitabu Butembo ni kazi ya miguu. Asubuhi, ukungu ukiwa bado mabondeni, najaza vitabu kwenye mfuko wa mgongoni na kupanda pikipiki ya abiria, kisha nazunguka shule, parokia na maduka. Jumapili nasimama kanisani saa ya matangazo, nikitanguliwa na tangazo la ndoa na la mbuzi aliyepotea, na mbuzi hupewa muda mrefu kuliko mimi. Wafanyabiashara wetu ni watu wa adabu. Wanakigeuzageuza kitabu na kuuliza, "Ni ya maombi?" Nikisema siyo, wananirudishia kwa mikono miwili.

Kitabu ni juu ya kaka yangu mkubwa. Alitoka asubuhi kwenda shamba la kakao upande wa Beni, watu wenye silaha wakamchukua, na hadi leo hakuna aliyemwona, mzima wala maiti. Sikuandika kwamba amekufa. Niliandika kwamba sijui. Mama yetu, anayekaa mtaa wa Ruwenzori, mjini Beni, hakutaka hata hilo. Kwake mwanawe yuko njiani. Kila jioni humpakulia ugali na kufunika sahani. Wajomba walimsihi akubali kilio cha matanga kiwekwe, mchungaji naye akamsihi. Alikataa.

Basi nikapeleka tangazo kwenye redio moja inayosikika mpaka Beni. Niliandika maneno machache: jina la kaka, kijiji chetu karibu na Kalunguta, na kwamba mdogo wake ametoa kitabu juu yake. Mtangazaji alikuwa na haraka. Akayasoma mchana, kwenye kipindi ambacho kila nyumba hukifungulia, matangazo ya vifo, juu ya ule muziki wao wa polepole. Mimi nilikuwa mgahawani nakula maharage, na niliposikia jina letu nikafurahi. Furaha ya mjinga.

Kesho yake mama akapiga simu. Hakusalimu.

"Batu bamejaa mu kiwanja yangu. Balileta kuni."

Kwetu redio ikitangaza msiba jirani haulizi, anajitwika kuni. Moto wa kilio huwaka uani mpaka kilio kiishe, na kila nyumba huchangia. Walisikia jina, kijiji na muziki. Mengine hawakuyangoja.

"Mama, ile ilikuwa tangazo ya kitabu tu."

"Kitabu inasema alikufa?"

"Hapana, mama."

"Donc basi njoo ubaambie."

Niliteremka Beni siku ileile. Kwenye kizuizi mwanajeshi alifungua mfuko wangu, akasoma ukurasa wa kwanza wa kitabu amesimama, akanipisha. Nyumbani nilikuta wanawake wamekaa kwenye mikeka, na baadhi yao walilia kweli, maana nao wana watu wao wasioonekana. Kuni zilikuwa zimepangwa katikati ya ua. Hazikuwashwa. Mama alikaa mlangoni, kiberiti amekifunga kwenye pindo la kitenge chake.

Nikasimama nikaeleza kosa la redio na kuomba radhi. Niliona aibu, kama mchuuzi aliyetandika bidhaa zake msibani. Jirani mmoja, bibi mzee, akaniuliza kwa upole, "Na weye, mutoto yangu, unafikiri nini? Atarudia?"

Swali hilo nilikuwa nimelijibu mashuleni na makanisani, kwa maneno mazuri, watu wakapiga makofi. Pale, mama akinitazama, sikupata hata neno moja. Na mama akaliona hilo.

"Murudie ku manyumba," aliwaambia wageni. "Aksanti sana. Mubebe na kuni zenu."

Waliondoka, lakini kuni hawakuzibeba. Nani arudishe kuni za kilio kwake, aite msiba? Tukazisogeza ukutani, na jioni mama akapakua ugali wa kaka kama kawaida.

Nikarudi kwenye kazi yangu. Habari ilikuwa imeenea, na watu sasa walinunua kwa kunihurumia. Niliwashukuru na kuwachukia kidogo. Nilipompigia mama tuliongea juu ya mvua, kakao na mgongo wake. Juu ya kuni hakuna aliyesema kitu.

Leo asubuhi nilikuwa kwenye ofisi ya shule fulani, natia sahihi vitabu, simu ikalia.

"Jana nilipika ya mutu moja," mama alisema.

Nikaweka kalamu chini.

"Unasikia?"

"Ninasikia, mama."

"Njoo na bajomba zako. Kiberiti iko hapa."

Nilimwomba mkuu wa shule ruhusa, nikatoka nyuma ya madarasa, nikalia mpaka kengele ya mapumziko. Kisha, kabla ya kushika barabara ya Beni, nilipita redioni na karatasi ya tangazo, safari hii la kifo. Mtangazaji alinipokea kwa tabasamu, akauliza kama kitabu kinatembea vizuri.