Sitara ya Bi Nassra

Mimi nauza mabuibui Mlandege, kwa hiyo asije mtu akanifundisha thamani ya kujifunika. Ndiyo riziki yangu hiyo. Lakini funika funika ya Bi Nassra wa Mkunazini imenitia uchungu ambao siumezi wala siutemi, na leo nnausema, anayetaka kukasirika na akasirike.

Bi Nassra alikuwa somo. Kwa asiyejua, somo ndiye anayemfunda mwari kabla ya ndoa, na ndiye huyo huyo mke anayemwendea mambo ya ndani yakiharibika. Hamwendei mama yake wala dada yake, anamwendea somo. Bi Nassra ametufunda nusu ya wanawake wa mtaa ule, mimi nikiwa mmoja wao. Tena alikuwa akiosha maiti za kike. Kwa hivyo ukiolewa anakuingiza yeye, na ukifa anakutoa yeye. Mwembamba, mrefu, nguo zake zinanukia udi hata Jumatatu asubuhi, na sauti hainyanyuki.

Mafunzo yake yote yalikuwa juu ya kitu kimoja, sitara. Aliamini kwamba Mungu amemtofautisha mtu na mnyama kwa kumpa haya ya kuficha, na kwamba ukiondoa haya hiyo hakibaki kitu, si ndoa, si mtaa, si nchi. Alikuwa akitukalisha juu ya mkeka, anatuonesha nyumba yake mwenyewe kama kitabu. Mlango, halafu sabule, chumba cha wageni wanaume, halafu pazia, halafu ngazi, halafu pazia jingine. Waliojenga hivi, akituambia, hawakuwa wajinga. Na sisi watoto wa miaka kumi na tisa, ishirini, tunaitikia naam, somo.

Alikuwa mtunzi pia. Nyimbo za harusi alizotunga zinaimbwa mpaka leo, na mashairi yake yalisomwa redioni. Ndani ya mashairi hayo huwezi kukuta mtu, wala jina, wala kosa. Ugomvi anaufanya mvua, talaka anaifanya ua lililonyauka, na wanaume wanakaa barazani wanabishana mwezi mzima kasemwa nani. Shairi linalotaja jambo waziwazi kwake yeye lilikuwa uchi. Watu wakimsifu sana kwa hilo. Nami nilimsifu.

Na msidhani ni mambo ya wanawake tu na mikeka yao. Uchaguzi ukija hapa kwetu tunaumizana, ukisha wakubwa wanapanda jukwaani wanatwambia tusitiriane, yaliyopita yafunikwe, sote ndugu. Tunapiga makofi. Aliyevunjwa mkono naye anapiga makofi, sijui anapigaje.

Sasa mdogo wangu, Tahiya. Sisi tumezaliwa Kidichi, huko kwenye mashamba ya viungo, na mama yetu alipokufa mimi ndiye niliyemlea. Alipoposwa na Haitham, kijana wa mjini mwenye duka la simu na tabasamu la kutosha mtaa mzima, nilimpeleka kwa Bi Nassra afundwe kama nilivyofundwa mimi. Nilijiona namfanyia wema.

Miaka sita nilikuwa nikimwona Tahiya kila wiki na sikujua kitu. Wallahi sikujua. Nilimwona anapenda kufunga ushungi mpaka chini ya kidevu, hata ndani ya nyumba, hata kwenye joto la Februari, nikamtania kwamba amekuwa mke wa shehe. Akacheka. Nguo za mikono mirefu, liwa la msandali usoni, nikadhani ni urembo. Kumbe kila alipopigwa alikuwa akienda Mkunazini kwa somo wake, na somo wake alikuwa akimkanda kwa maji ya moto, anampaka liwa palipovimba, anamwonesha namna ya kuufunga ushungi ili alama isionekane, kisha anamrudisha. Ule mfungo niliokuwa nikiutania ulikuwa mfungo wa Bi Nassra.

Nilikuja kujua siku Haitham alipomchoma kwa pasi. Hapo hata Tahiya alichoka. Alikuja dukani kwangu, akamwacha binti yake Nasima akichezea vifungo, akaniambia anataka kwenda kwa kadhi kudai avunjiwe ndoa. Nilitaka kulitazama jeraha. Akakataa kunionesha, eti ni aibu. Alikuwa ameshamwonesha somo, na hiyo ilitosha.

Kwa kadhi tulifika sote. Haitham akakana kila kitu, kwa adabu, macho chini, mpaka mtu asiyemjua angemwonea huruma. Kadhi akauliza kama kuna aliyeona. Tahiya akamtaja Bi Nassra, na mimi nikashusha pumzi, maana neno la Bi Nassra mjini hakuna anayelipinga. Ndoa ile ilikuwa inavunjika pale pale kwa neno lake moja.

Bi Nassra akasema hawezi.

Hakusema uongo, niseme haki. Alisema anayoyaona chumbani kwake ni amana na hawezi kuitoa mbele za watu. Kadhi alimweleza taratibu, kama mwana anavyomweleza mama, kwamba kutoa ushahidi ili kumwondolea mtu madhara si kumvua mtu sitara, na kwamba dini haimtaki anyamaze hapo. Bi Nassra akainamisha kichwa. Kadhi akasubiri, akamuuliza tena, akasubiri tena. Mwisho akasema bila ya shahidi itabidi wazee wa pande mbili wakae kwanza wasuluhishe. Wazee wakakaa, wakanywa kahawa, wakamrudisha Tahiya kwa mumewe.

Jioni ile ile nilikwenda Mkunazini. Sikupiga hodi. Nilimkuta anapepeta mchele, nikamwambia maneno ambayo mtu hamwambii aliyemzidi umri, na sijuti. Nilimwambia ana roho ya jiwe. Nilimwambia kama Tahiya angekuwa mwanawe wa kumzaa angesema.

Alingoja nimalize. Kisha akanisimulia jambo ambalo sidhani kama alishamsimulia mtu. Mwaka wa Mapinduzi alikuwa na miaka tisa. Watu walikuja kumchukua baba yake, na asubuhi yake mama yake aliwakalisha watoto wote akawaambia baba kasafiri. Jirani akiuliza, kasafiri. Mwalimu akiuliza, kasafiri. Yeye aliuliza atarudi lini, na mama yake akamziba mdomo kwa kiganja mpaka akakosa pumzi. Hakuuliza tena. Hajui mpaka leo baba yake kalazwa wapi.

"Nyumba ya pili yetu walisema," akaniambia. "Walipiga kelele, walimtaja nani kaja na nani kamchukua. Hakubaki mtu nyumba ile. Sisi tulionyamaza tupo. Mimi nipo, Ummy. Usinambie sitara haimlindi mtu, mimi imenilinda."

Nilirudi nyumbani nimejaa hasira na huruma, na vitu viwili hivyo havikai tumbo moja. Nilimwonea huruma yule mtoto wa miaka tisa. Lakini Tahiya hakuwa na miaka tisa, na aliyekuwa akimtesa hakuwa na bunduki. Alikuwa na duka la simu.

Haikufika Rajabu. Nilipigiwa simu saa nne asubuhi, Tahiya kateleza ngazini, kafa. Zile ngazi za nyumba zetu za mjini ni wima, kila mtu anazijua, kila mtu ana bibi yake aliyewahi kuanguka. Kwa hivyo hakuna aliyeuliza. Nilipofika nyumba imeshajaa, sanda imeshanunuliwa, wanaume wako nje wanataka kuzika baada ya alasiri, na Bi Nassra kaitwa aje kuosha.

Niliingia naye mimi, na wasaidizi wake wawili. Ndiyo mara ya kwanza kuuona mwili wa mdogo wangu tangu alipokuwa mtoto ninamwogesha kisimani. Alama ya pasi ilikuwa begani. Mbavuni kulikuwa na rangi tatu tofauti, za zamani na za karibu. Bi Nassra hizo alizijua, mikono yake ikaendelea kuosha. Alimfungua ushungi, ule mfungo wake mwenyewe, na chini yake kulikuwa na vidole. Vinne upande mmoja wa shingo, kimoja upande wa pili.

Akauweka mtungi chini. Kisha akamfunika Tahiya shuka, akafungua mlango, akaenda ukumbini walikokaa wanawake, mikono inachuruzika maji. Mimi nyuma yake.

"Huyu hakuanguka," akasema. "Ana vidole shingoni. Nimeviona kwa macho yangu."

Sauti haikunyanyuka hata siku ile, lakini waliisikia wote. Ukumbi mzima ulikuwa wa wanawake aliowafunda yeye. Nilingoja. Nikajua sasa limesemwa, sasa hapana wa kulirudisha. Bi Tabia, mama yake Haitham, alikuwa ameketi juu ya mto wake na tasbihi mkononi, na wala hakusema neno. Hakuwa na haja. Aliyeinuka ni Shemsa, mwari wake Bi Nassra wa mwaka mmoja na mimi, mwanamke mwema, asiye na ubaya na mtu. Alimshika somo wake mabega, analia.

"Somo, msitiri mwenzio," akamwambia. "Maiti hasemwi. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Na wote wakaitikia. Msitiri, somo. Ana mtoto, somo, mfikirie mtoto. Nikapiga kelele kwamba ni kweli, nami nimeona, njooni mtazame. Wakanishika nami, wakanipa maji ya sukari, wakanipepea, maskini dada yake, kachanganyikiwa. Bi Nassra alizunguka kumtazama huyu, akamtazama yule, kama mtu aliyepotea mtaani kwake. Wakamkalisha. Mmoja wa wale wasaidizi akarudi ndani akamaliza kuosha. Alasiri Tahiya akazikwa.

Nilikwenda polisi. Waliandika niliyosema, kisha wakaniambia niwaletee waliouosha mwili, kwa sababu dada wa marehemu peke yake, mwenye ugomvi na mume, maneno yake ni mepesi. Wale wasaidizi wawili walisema hawakuona kitu, na muosha maiti hasemi. Akabaki yeye. Kwa mara ya pili mambo yote yakamngoja Bi Nassra.

Nilimfuata siku ya hitima, nyumbani kwa Haitham. Walikuwa wamemwalika, tena wamemkalisha mbele. Walikuwa wamekubaliana kwamba siku ile huzuni ilimpanda kichwani, ni mtu mzima, hayo hutokea, na wamemsitiri. Niliinama nikamnong'oneza kwamba gari iko nje na askari anatungoja. Kisha, jamani, akasimama. Akachukua buibui lake, nililomshonea mimi, akalivaa. Mkono wake ukashika wangu, baridi kama samaki. Wanawake wakaacha kusoma, juzuu zimefunguka mapajani mwao, wanatutazama tunakwenda mlangoni.

Nasima akatokea nyuma ya pazia. Miaka mitano, nywele hazijasukwa, maana aliyekuwa akimsuka hayupo. Alimjua Bi Nassra vizuri kuliko alivyonijua mimi, kwa sababu mama yake alikuwa akienda naye kule Mkunazini siku za kukandwa. Akamshika buibui.

"Bibi, mama yuko wapi?"

Bi Tabia aliacha kuhesabu tasbihi. Nilimbana Bi Nassra mkono, nikamwomba kwa ule mkono wake amwambie mtoto kwamba mama kafa, neno hilo tu, mengine tutayasema mbele. Alifungua mdomo. Nilimwona anautafuta ulimi wake.

"Kasafiri," akasema.

"Atarudi lini?"

Bi Nassra aliuachia mkono wangu. Akapiga magoti mbele ya mtoto, akamtazama, machozi yanamshuka. Kiganja chake kikapanda polepole kikamziba Nasima mdomo, na hakikutoka hapo.

Nilimwambia askari aondoke.