Mtoto Aliyepotea Akiwa Mgongoni

Jumanne nilikuwa kliniki Kiomboi, mwanangu mgongoni, mbele yangu msichana wa chuo anayeandika utafiti wake kuhusu uzito wa watoto, na kwenye karatasi yake nikaona jina la mwanangu na pembeni maneno ya Kiingereza: "lost to follow-up".

Mimi nimeishia kidato cha nne. "Lost" naijua, ni kupotea, na msibani niliwahi kuisikia ikiwa na maana mbaya zaidi, basi nikafungua kanga, nikamkalisha mtoto mezani juu ya karatasi zenyewe.

"Dada, huyu hapa. Hajapotea."

"Nani kasema kapotea?" akauliza bibi mmoja kwenye benchi.

"Wameandika, bibi."

"Basi hawasikii. Mbona analia hivyo?"

Msichana akacheka, kisha akaona macho yangu, akaacha. Akanieleza kwamba maana yake ni sisi kukosa mara mbili kuja kupima. "Ndivyo tunavyoandika, mama. Hata mimi mwanzoni nilidhani ni watoto waliopotea njia."

"Tulikuwa Misigiri, tunavuna alizeti."

Akayakata yale maneno. Akatafuta Kiingereza cha kuweka mahali pake, akakikosa, akaandika kwa Kiswahili: yupo, alikuwa shambani na mama yake.

Sijui walimu wake watampa alama ngapi. Mimi ningempa zote.