Nilimchapia mzee wa kitengo barua ya siri, nikaishia kuisoma mbele ya mke wa aliyeumizwa

Wakuu, habari za mchana.

Naona mnabishana kwa nini watu wa system, yaani kitengo cha usalama, wakishastaafu wanaanza kutoa siri. Wengi mnasema njaa au kinyongo. Mimi nawapa nilichokiona, nimeficha majina tu.

Nina stationery ndogo Runazi, Biharamulo. Kuchapa barua, kopi, passport size.

Mwaka jana, asubuhi, aliingia mzee na counter book kwapani. Nikampa shikamoo, akaitikia, akauliza kama naweza kumchapia kisha nifute kila kitu. Alitokea Kasulo, Ngara. Nikajiuliza, kwao hakuna kompyuta?

Ukurasa wa pili ndipo nikaelewa ninachochapa.

Zamani, akiwa kitengo, aliandika ripoti kwamba mwalimu mmoja wa Kasulo si raia, ni mpelelezi wa ng'ambo. Mwalimu akachukuliwa, akavushwa mpaka mzee mwenyewe akiwepo, hajaonekana tena.

Ilikuwa uongo. Mwalimu alizaliwa pale pale. Bosi wa mzee aligombana na huyo mwalimu kwa sababu ya shamba, akaelekeza cha kuandika. Mzee akasaini.

Nikamuuliza kwa nini aseme leo.

"Mke wake tunasali kanisa moja," akasema. "Kila Jumapili ananipa mkono wa amani. Na binti yao ananyimwa kitambulisho cha taifa kwa sababu ya ripoti yangu."

Akaondoka na karatasi zake. Nikafuta, mpaka recycle bin.

Siku ya tatu, saa sita mchana, wakaja jamaa wawili. Hawakujitambulisha. Mmoja akasimama mlangoni, mwenzake akauliza mzee wa Kasulo kachapiwa nini.

Nikasema barua ya mgogoro wa shamba.

Akakaa kwenye kiti changu, akafungua folda moja baada ya nyingine. Hakukuta kitu.

"Una familia, dogo," akaniambia taratibu. "Chapa barua za shule."

Wakaondoka. Nilifunga duka mchana ule ule.

Wiki iliyofuata mzee akapiga simu. Alikuwa amejaribu kumsomea yule mke wa mwalimu barua, sauti ikakataa. Akaniomba nikaisome mimi. Nilitaka kukataa, ila nilishamjua binti kwenye zile kurasa. Nikaenda Kasulo, nyumbani kwa yule mama.

Nilisoma yote. Binti alilia. Nilipomaliza mama akamgeukia mzee, akauliza kitu kimoja tu.

"Wakati mnamvusha, alikuwa na viatu?"

Mzee akasema, "Hapana, mama."

Akainuka, akaingia ndani. Hakutoka tena.

Binti aliipeleka barua ofisi ya vitambulisho, suala lake likasikilizwa upya, kitambulisho akapata. Mzee aliitwa kuhojiwa, akakaa huko siku kadhaa. Alirudi, hayaongelei ya huko. Mama hajamsamehe, na mzee anasema hakuandika ili asamehewe.

Nilichojifunza: siri nyingine hazilindi nchi, zinamlinda aliyesaini. Na mtu anaweza kuibeba miaka yote mpaka amuone anayeilipia.

Haya, semeni wakuu. Ungekuwa wewe ndiye binti, ungemshitaki huyu mzee, au ungemshukuru?