Majivu ya Chungu cha Mbegu

Majivu makavu hayana harufu kubwa. Yakinyeshewa, hutoa harufu inayokwaruza koo, kama chokaa mbichi iliyochanganyika na moshi wa juzi. Nikiisikia harufu hiyo hadi leo, hasira hunipanda kabla sijajua inatoka wapi. Hunirudisha Nyarubungo, wilayani Biharamulo, katika kijiji chetu cha ujamaa, msimu ule baba yangu alipochukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vitani, akatuacha mimi, mama na wadogo zangu.

Tulikuwa tumehamishiwa pale miaka michache kabla, kutoka makazi yetu ya zamani ng'ambo ya bonde. Siku ya kuhama, waliosimamia kazi ile waliitia moto nyumba yetu ya nyasi ili tusitamani kurudi. Mama hakulia. Alisubiri ipoe, akarudi na chungu, akazoa majivu ya nguzo na ya paa, akayachekecha na kuyachanganya na mbegu zake za maharage ili zisibunguliwe. Yalikuwa maharage madogo ya mviringo, yenye madoa mekundu, ambayo bibi alimpa siku alipoolewa. Kila msimu wa kupanda alichekecha tena: mbegu zikaenda shambani, majivu yakabaki yakingoja mavuno, yakiongezewa kidogo ya jikoni. "Nyumba yetu imo humu," alikuwa akituambia, akikigonga chungu kwa ukucha.

Wahenga walisema moto huzaa majivu, na watu huitumia methali hiyo kumsimanga mtoto goigoi wa baba hodari. Nadhani aliyeitunga hakuwa na mbegu za kuhifadhi. Vita vilipoanza, sabuni ilitoweka katika duka la kijiji, na majivu ndiyo yaliyotutunzia heshima. Mama alichukua chungu kilichotoboka chini, akatandika nyasi, akajaza majivu ya maganda ya ndizi, kisha akamimina maji polepole. Yalidondoka maji ya rangi ya chai, yenye utelezi, ambayo nilifulia sare yangu ya shule mpaka viganja vikachubuka. Tone la maji hayohayo lililainisha maharage makuukuu yaliyokataa kuiva. Majivu yaliyobaki yalikwenda chooni kuua harufu, na mengine tuliyamwaga mlangoni siafu walipopita. Kwa hiyo jiko letu moja, lenye kuni za kutafuta mbali, halikuwahi kuwa na majivu ya ziada.

Ndipo balozi wetu wa nyumba kumi, Mzee Bitegeko, alipokuja na amri. Kila nyumba ipeleke debe la majivu ofisini, yatiwe kwenye mioyo ya mahindi ya shamba la kijiji kuzuia funza. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yakizunguka jikoni. Debe letu lilikuwa halijafika hata nusu.

"Na kile chungu?" aliuliza.

"Hicho ni cha mbegu," mama alijibu kwa Kisubi, lugha yetu.

"Mama Paskazia, majivu ni majivu. Usinitafutie maneno na wakubwa."

Akazimwaga mbegu kwenye ungo kwa mikono yake, tena kwa uangalifu, kama mtu anayetaka asilaumiwe. Majivu akayatia kwenye debe. Yalilijaza sawasawa.

Wiki ile mawingu yalianza kujikusanya, na rundo la majivu ya kijiji kizima lilikuwa limelala wazi mbele ya ofisi. Mama akasema tutakwenda kwenye mkutano wa kijiji. Mwenyekiti alikuwa mgeni kwetu na hakujua Kisubi, na mama hakukiamini Kiswahili chake mwenyewe, kwa hiyo mdomo ulikuwa wangu mimi. Mimi niliyekuwa nikiulizwa jina darasani nikaangalia vidole vya miguu! Nilisimama katikati ya watu wazima, gauni limenata mgongoni kwa jasho.

"Mama anasema majivu yakinyeshewa yanakufa. Anaomba yafunikwe, au kila mtu arudishiwe yake mpaka siku ya kazi."

Watu walicheka. Mama Yustina, jirani yetu, akadakia, "Arudishiwe yake! Atayajuaje? Ameyapiga chapa kama ng'ombe?" Wakacheka zaidi. Mwenyekiti akainua mkono.

"Mwambie mama yako nchi iko vitani. Wenzake wanatoa ng'ombe na vijana, yeye analilia majivu?"

Sikuhitaji kumtafsiria, alikuwa ameelewa. Alijibu taratibu, nami nikamfuata neno kwa neno. "Anasema aliyeko vitani ni mume wake. Akirudi, atakula nini?"

Kicheko kilikatika. Mwenyekiti alikuna shingo, akalitazama rundo, akatutazama. Kwa dakika ile niliamini tumeshinda. Kisha akasema, "Suala limepokelewa," akaita ajenda nyingine.

Mvua ilinyesha kabla hata turubai halijazungumziwa. Rundo lilianza kutoa ile harufu, likatiririsha maji ya rangi ya chai mpaka kwenye mtaro wa barabara. Ile ilikuwa sabuni yetu na dawa ya mashamba yetu. Mama Yustina alikimbia na kibuyu kukinga, wala hakucheka tena. Siku ya kazi ilipofika, kilichobaki kilikuwa tope la kijivu, nasi tulilitia tope lile kwenye mahindi kwa vidole kwa sababu amri ilikuwa bado amri. Funza walikula mahindi kama kawaida yao.

Nyumbani mama alihangaika kuzifukia mbegu katika majivu ya kila siku, kiganja kimoja kimoja, tukiacha kufulia. Wadudu hawakungoja. Kila asubuhi niliinamisha sikio juu ya chungu na kusikia mchakacho mdogo, kama mtu anayetafuna mchanga. Masika tulipanda vumbi na maganda. Baba aliporudi, mwembamba, akiwa na kovu shingoni, alikula mihogo siku mbili. Siku ya tatu aliuliza, "Yale maharage ya kwetu yako wapi?" Mama alinyanyuka akaenda kuchota maji, ingawa mtungi ulikuwa umejaa.

Siku hizi wanangu huhifadhi nafaka kwa dawa ya unga kutoka dukani, na majivu ya jiko langu huyatupa jalalani pamoja na mifuko ya plastiki. Nikiwagombeza hucheka: "Mama na majivu yake!" Mimi huyafuata huko mwenyewe, nikayachekecha na kuyatia kwenye chungu. Mwaka juzi, gulioni Kaniha, niliona maharage yenye madoa mekundu. Nilishindwa hata kuuliza bei, akauliza binti yangu. Niliyapanda peke yangu, nikayapalilia kama mtoto. Nilipoyapukuchua ndipo nilipokubali nilichokataa kukiona gulioni: yalikuwa marefu, madoa yake ya rangi ya kahawia. Si yale. Tuliyapika jioni hiyohiyo, yakaiva haraka, na wote wakayasifu. Chungu changu kiko pale pembeni ya jiko, kimejaa majivu makavu mpaka shingoni, na sina cha kuweka ndani yake.